Kubanwa misuli uwanjani: Chanzo, huduma ya kwanza na dalili za kukimbizwa hospitali

Mchezaji anaanguka peke yake, hajaguswa na mtu. Kashika kigimbi, uso umekunjamana, na jukwaani kelele zinaanza: "Anapoteza muda huyo!"

Wapo wanaojiangusha kweli. Lakini aliyebanwa misuli haigizi, na wachache wanaoonekana "wamebanwa" huwa na tatizo kubwa linaloweza kuua. Kama unacheza kriketi, soka la mtaani au unafundisha timu ya shule, haya hapa ya kujua.

Kubanwa misuli ni nini?

Ni msuli kujikunja kwa nguvu bila wewe kutaka, kisha kugoma kuachia. Unauma, unakuwa mgumu kama jiwe, na ukiutazama unaweza kuona umevimba sehemu moja. Hali hii huchukua sekunde chache hadi dakika kadhaa.

Sehemu zinazobanwa zaidi ni kigimbi, nyuma ya paja na mbele ya paja. Kwenye kriketi, warushaji mpira hubanwa hata ubavuni, na wapigaji hubanwa mikono na vidole kwa kushika gongo muda mrefu.

Kwa nini kriketi inabana sana?

Watu wengi huona kriketi ni mchezo wa kusimama tu. Ukweli ni kwamba mechi ya T20 huchukua kama saa tatu, na ya ova 50 inamaliza siku nzima. Mrushaji wa kasi anasimama juani, msuli unapoa, halafu ghafla anatakiwa kukimbia kwa nguvu zote na kutua na mguu mmoja mara sita katika ova moja. Mpigaji naye kavaa helmeti, glavu na pedi, jasho halipati pa kutokea, na bado anakimbia na kugeuka ghafla kutafuta mikimbio.

Mfano maarufu ni wa Novemba 7, 2023 kwenye Kombe la Dunia mjini Mumbai. Australia ilikuwa imepoteza wiketi 7 kwa mikimbio 91 ikisaka 292 dhidi ya Afghanistan. Glenn Maxwell alibanwa misuli mpaka akaanguka chini, akashindwa hata kusogeza miguu, lakini akapiga akiwa amesimama palepale na kumaliza na mikimbio 201 bila kutolewa. Zamani angeweza kupewa mtu wa kumkimbilia. Baraza la Kriketi la Kimataifa (ICC) liliondoa utaratibu huo kwenye mechi za kimataifa mwaka 2011, kwa hofu kwamba ulikuwa unatumiwa vibaya.

Siku nane baadaye, kwenye uwanja uleule, Shubman Gill wa India alitoka akiwa na mikimbio 79 kwa sababu ya misuli. Hawa ni watu wenye madaktari, wapishi na makocha wa viungo. Kwa hiyo kijana wa shule akibanwa, usimcheke.

Ni maji, chumvi au uchovu?

Maelezo ya zamani yanasema umepoteza maji na chumvi kwa jasho. Yana ukweli wake, hasa kwa mtu anayetoka jasho jingi lenye chumvi, yule ambaye jezi yake ikikauka inabaki na mistari myeupe.

Lakini tangu miaka ya 1990, watafiti akiwemo daktari wa michezo wa Afrika Kusini, Martin Schwellnus, wamekuja na maelezo mengine. Msuli ukichoka kupita ulivyozoea, mishipa ya fahamu inayouamuru ujikunje inazidi nguvu ile inayouambia uachie. Walipopima damu za wanariadha wa mbio ndefu, mara nyingi waliobanwa na wasiobanwa hawakuwa na tofauti kubwa ya maji wala chumvi. Waliobanwa zaidi ni waliokwenda kasi kuliko mazoezi yao, na waliowahi kubanwa kabla.

Kwa kifupi: kama huna pumzi na misuli ya dakika 90, chupa ya maji haitakupa.

Somo kutoka barabara ya misafara

Ukitaka mfano wa mwili ulioandaliwa taratibu, Tabora inao. Karne ya 19 mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya karibu kilo 30, wakati mwingine zaidi, na kutoka pwani hadi Tabora peke yake ni takribani kilomita 800 kwa miguu.

Hawakuanza na mzigo huo. Simulizi za wakati ule zinaeleza watoto wakianza kubeba pembe ndogo za ndovu wangali wadogo. Misafara iliondoka alfajiri na kwa kawaida ilipiga kambi kabla jua halijawa kali. Na mbele ya Tabora, njia ya kwenda Ujiji ilipita Uvinza, kwenye chemchemi za chumvi ambayo ilikuwa bidhaa kubwa ya biashara.

Kuongeza mzigo kidogo kidogo, kukwepa jua la mchana, kula na kupata chumvi: mambo hayohayo ndiyo kocha wa leo anayafundisha.

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ndiyo miezi ya joto kali. Mkoa huu ulipokea mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA mwaka 2022 na 2023, ambapo wanafunzi wa mikoa yote hucheza siku kadhaa mfululizo. Mtoto aliyetoka kwenye baridi ya Njombe hawezi kucheza mechi tatu kwenye joto kama mwenyeji. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea.

Mwenzako akibanwa, fanya hivi

- Msimamishe kucheza, mtoe juani.
- Kigimbi: nyoosha goti, sukuma vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko.
- Nyuma ya paja: alale chali, inua mguu ukiwa umenyooka.
- Mbele ya paja: kunja goti, vuta kisigino kuelekea kwenye makalio.
- Shikilia sekunde 15 hadi 30 bila kurusharusha, achia, rudia.
- Ukishaachia, ukande taratibu na anywe kidogo kidogo.

Usiupige msuli makofi wala usivute kwa nguvu, unaweza kuuchana. Na akirudi uwanjani aanze polepole, maana msuli uliobana mara moja hubana tena.

Jinsi ya kujikinga

- Fanya mazoezi yanayofanana na mchezo wako. Mrushaji arushe, mpigaji akimbie akiwa na pedi.
- Ongeza mazoezi wiki hadi wiki. Usikae miezi miwili halafu ukaibukia kwenye bonanza.
- Imarisha kigimbi na nyuma ya paja: kupanda kwa vidole, kuchuchumaa, kukimbia mlimani.
- Lala vya kutosha na kula kabla ya mechi. Tumbo tupu huchosha msuli mapema.
- Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho.
- Kunywa ukisikia kiu, usijilazimishe. Maji mengi kupita kiasi yanashusha chumvi kwenye damu, na hilo nalo linaua.

Huna hela ya vinywaji vya michezo? Lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kusawazisha. Inatosha.

Hapa kimbia hospitali

*Selimundu.* Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na wapo wengi zaidi wanaobeba kinasaba kimoja tu bila kujijua. Wengi wao hucheza maisha yote bila shida. Lakini kwenye mazoezi makali, hasa dakika za mwanzo za mbio za kurudiarudia kwenye joto, mmoja anaweza kuishiwa nguvu miguuni na kukaa chini. Tofauti yake: msuli unauma lakini haujawa mgumu, udhaifu ni mkubwa kuliko maumivu, na akili bado iko sawa. Mpumzishe mara moja na ita msaada. Usimlazimishe amalizie mzunguko.

*Mwili kuzidiwa na joto.* Anachanganyikiwa, anaropoka, anayumba au anazimia. Mmwagie maji ya baridi mwili mzima hapohapo, halafu ndiyo mumpeleke.

*Mkojo wa rangi ya soda nyeusi.* Misuli inavunjika na inaweza kuharibu figo.

*Msuli kuchanika.* Alisikia "pa!", pamevilia damu, na kesho yake bado hawezi kukanyaga.

*Kubanwa mara kwa mara hata usiku ukiwa umepumzika.* Mwone daktari, kunaweza kuwa na ugonjwa mwingine au dawa unayotumia ndiyo chanzo.

Kwa walimu na makocha: kabla mashindano hayajaanza, muulize kila mchezaji kama ana selimundu au kuna mwenye nayo kwao, na kama aliwahi kuanguka mazoezini. Ni swali la dakika moja. Na mtoto akikwambia miguu imeisha nguvu, mwamini kwanza. Kama alikuwa anadanganya, mmepoteza mechi tu.