Mwenyeji wa Kati: Koa, Mbwa na Mnyoo wa Mapafu

Madaktari wa mifugo wa Uingereza humwita koa, yule konokono asiye na gamba anayetafuna mboga bustanini usiku, mwenyeji wa kati wa mnyoo wa mapafu wa mbwa. Kila neno hapo lina kazi yake.

Mwenyeji, katika elimu ya vimelea, ni kiumbe anayempa kimelea makazi na chakula. Methali yetu humkaribisha mgeni ili mwenyeji apone. Mgeni huyu huacha maradhi. "Wa kati" nalo hutaja hatua. Lava, yaani mnyoo mchanga, anayetoka na kinyesi cha mbwa hawezi kumwambukiza mbwa mwingine moja kwa moja. Sharti kwanza aingie mwilini mwa koa au konokono, akue na kujivua ngozi mara mbili. Ndiyo maana siridhiki koa anapoitwa "mbebaji" tu. Jina hilo linamfaa chura: akimla koa, lava hukaa ndani yake bila kukua.

Mbwa na mbweha ndio wenyeji wa mwisho, kwa kuwa ndani yao mnyoo hupevuka na kuzaa. Mbwa humla koa kwa makusudi, au humlamba bila kujua akiwa kwenye majani au bakuli lililolala nje. Lava hutoboa utumbo, hupitia ini na kufika upande wa kulia wa moyo na kwenye ateri zinazoelekea mapafuni. Huko ndiko anakoishi Angiostrongylus vasorum, mnyoo mwembamba wa sentimita mbili hivi. Kwa hiyo ningependa tuseme "mnyoo wa ateri za mapafu", jina refu lakini la kweli. Mwenye mbwa akisikia "mapafu" hungoja kikohozi, na kikohozi huja kweli kwa mbwa wengi. Lakini mnyoo huyu huvuruga pia kuganda kwa damu. Fizi huvuja, jeraha dogo halikauki, ngozi huvilia damu bila mbwa kugongwa. Damu ikivujia ubongoni, mbwa hupata degedege. Wapo wanaokufa ghafla.

Ugonjwa huu ulielezwa Ufaransa katika karne ya 19. Uingereza, ulijulikana zaidi kusini, na sasa umefika hadi Scotland.

Kinyesi kikiokotwa mapema, lava hampati koa wa kumlea. Mabakuli na vitu vya kuchezea vilale ndani. Dawa nayo ichaguliwe na daktari, maana dawa nyingi za minyoo ya tumbo hazimdhuru huyu. Na koa asiuawe kwa chembe za metaldehaidi: mbwa akizila hutetemeka, joto la mwili hupanda, na anaweza kufa. Uingereza ilipiga marufuku kuzitumia bustanini mwaka 2022; aliyebakiza pakiti stoo asiifungue, na mbwa aliyezila apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo.