Njia Panda au Makutano? Istilahi ya Kuusimulia Mwaka 1990

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kipindi ambamo mambo mengi mazito hukutana kwa wakati mmoja na kuilazimisha jamii ibadilike huitwa, aghalabu, njia panda. Makala haya yanahoji ufaafu wa istilahi hiyo kwa kurejelea Nairobi ya mwaka 1990.

Panda ni mgawanyiko wa umbo la tawi. Ndiyo maana manati ya watoto nayo huitwa panda. Njia panda, basi, ni mahali njia inapoachana. Ni mahali pa hofu pia, kwani katika mila za pwani ndipo pawekwapo kafara. Maana yake ya kitamathali inamhusu msafiri anayetakiwa kuchagua. Mtanziko nao, wenye asili moja na tanzi, humwonyesha mtu aliyenaswa. Maneno haya mawili hayasemi kilichomfikisha mtu hapo.

Makutano hutazama upande wa pili. Msafiri atokaye mtaa wa Tena kuelekea mjini kwa Barabara ya Jogoo huona magari ya Umoja, Donholm na Makadara yakimiminika katika njia ile ile. Arudipo jioni, palipokuwa makutano pamegeuka njia panda. Mahali ni pamoja. Kinachobadilika ni mwelekeo.

Tofauti hii ina uzito wa kihistoria. Uchaguzi wa mlolongo wa 1988 ulizua manung'uniko. Novemba 1989 Ukuta wa Berlin ukaanguka. Februari 1990 Waziri Robert Ouko akauawa. Mwezi wa Mei, Kenneth Matiba na Charles Rubia walidai mfumo wa vyama vingi, na mwezi huo huo vibanda vya Muoroto vikabomolewa. Wawili hao walikamatwa tarehe 4 Julai. Tarehe 7 umma ukaelekea Kamukunji, na ghasia zikaenea kwa siku kadhaa.

Kikisimuliwa kama njia panda, kisa hiki huwa cha viongozi na uchaguzi wao. Kikisimuliwa kama makutano, aliyebomolewa kibanda Muoroto huwa mojawapo ya njia zilizofika pale. Hivyo ndivyo Louis Althusser, katika insha yake ya 1962, alivyoieleza Urusi ya 1917: migongano mingi, yenye asili mbalimbali, iliyoungana.

Hata hivyo, makutano hayana dharura. Njia zaweza kukutana na lisitokee lolote. Umma wenyewe uliteua Saba Saba, yaani tarehe iliyogeuka nomino. Lakini jina hilo halijielezi, kwani Tanzania hukumbusha kuasisiwa kwa TANU mwaka 1954.

Kwa kuhitimisha, inapendekezwa kwamba makutano yataje visababishi, na njia panda itaje uamuzi unaofuata, kama ule wa Desemba 1991 wa kufuta kifungu cha 2A cha katiba. Mhakiki anayeshika njia panda peke yake amekwisha kuamua, kabla ya kusoma, ni nani mwenye historia.