Kiungani: timu ya chuo iliyocheza kabla ya ligi

Ukitaja soka la Tanga, watu wanakimbilia Coastal Union na ubingwa wake wa 1988, au ubishi wake na African Sports. Sawa tu. Lakini African Sports ilianza 1936 na Coastal 1948. Kabla ya hapo, vijana wa Bonde walishaupiga mpira huu Unguja, katika chuo cha Kiungani.

Kiungani kilikuwa chuo cha UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza. Wanafunzi wake wa mwanzo, miaka ya 1870, walikuwa wavulana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kufika mwanzo wa karne ya 20 wengi walitoka bara, wakiwemo Wabondei wa Magila, karibu na Muheza, waliovuka bahari kwenda kusomea ualimu na ukasisi. Kuanzia 1901 hadi 1908 mkuu wa chuo alikuwa Frank Weston, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar.

Mpira ulikuwa sehemu ya malezi ya chuo. Wamisheni walitaka nidhamu. Vijana, kama vijana wa popote, walitaka kushinda.

Msimu wao ulikuwaje? Usitafute jedwali la pointi, halikuwepo. Chama cha soka cha Zanzibar kilianzishwa 1926 tu. Mechi zilitegemea nani yupo: leo wanacheza wenyewe kwa wenyewe, kesho manowari ya Kiingereza imetia nanga na mabaharia wameshuka kutafuta mechi. Wageni na viatu vyao, wenyeji peku. Hebu fikiria kukanyagwa hapo!

Waliohitimu walirudi bara kufundisha, na mpira ukarudi nao.

Kisha ikaja vita ya 1914. Tanga ilikuwa chini ya Wajerumani, na mwalimu aliyesomeshwa na Waingereza alionekana mpelelezi. Wengi wa UMCA walikamatwa. Mmoja wao ni Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa 1891 na kusoma Kiungani. Alizungushwa kifungoni hadi Tabora, akaachiwa 1916 Wabelgiji walipouteka mji.

Huyo huyo, mwaka 1922, ndiye aliyeanzisha pale Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, TTACSA. Wakristo na Waislamu waliingia pamoja, wakawa na mahali pa kukutana, kusoma magazeti na kucheza. Wanahistoria wanakitaja kwa sababu ya siasa, maana ni miongoni mwa mizizi ya vyama vya Waafrika nchini. Upande wa michezo unasahaulika, na mimi naona si haki: watu waliozoea kupanga timu hawapati shida kupanga chama.

Kiungani chenyewe hakikudumu Unguja. Miaka ya 1920 chuo kilihamia Minaki, Kisarawe, ambako leo kuna sekondari ya serikali.