Mpambe wa Hitler na visasi vya ofisini

Katika kila ofisi yupo mtu ambaye cheo chake ni kidogo lakini wote humwogopa. Huyu ndiye anayejua bosi ameamkaje leo. Ndiye anayeamua faili lipi liwe juu ya meza na lipi lilale chini ya rundo mpaka mwenyewe achoke kuulizia. Watu wa masijala wanamfahamu vizuri. Ukimkosea kwa neno tu, barua yako ya likizo itatafutwa mpaka likizo yenyewe ipite.

Leo nawaletea habari za mtu wa namna hiyo, ila bosi wake alikuwa Adolf Hitler.

Jina lake Martin Bormann. Alizaliwa mwaka 1900, mtoto wa mtumishi wa posta. Mwaka 1924 alifungwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kushiriki katika mauaji ya mtu mmoja. Aliingia chama cha Nazi mwaka 1927, akapewa kazi ya kushughulikia mfuko wa misaada wa wanachama. Hakuwa msemaji wa majukwaani, na wananchi wengi wa Ujerumani hawakuijua sura yake. Kazi aliyoiweza ni karatasi. Alikuwa akitembea na vikadi mfukoni. Hitler akisema jambo wakati wa chakula, hata la kupitisha muda, Bormann analiandika. Kesho yake neno lile linatoka likiwa amri ya Kiongozi, na nani angethubutu kwenda kuuliza kama kweli lilisemwa?

Bosi wake wa kwanza mkubwa alikuwa Rudolf Hess, naibu wa Hitler katika chama. Bormann aliendesha ofisi ya Hess kuanzia mwaka 1933. Hess ndiye aliyesimama pamoja na Hitler kuwa shahidi wa ndoa ya Bormann mwaka 1929, na watoto wawili wa Bormann walipewa majina ya Rudolf na Ilse, yaani majina ya Hess na mkewe. Basi Mei 10, 1941, Hess akapanda ndege peke yake akaenda Uskoti, akidhani ataleta suluhu na Waingereza. Siku mbili baadaye Bormann alikuwa amekwishapewa kuongoza ofisi ile, sasa ikiitwa Ofisi Kuu ya Chama. Wasaidizi wa Hess walikamatwa. Na wale watoto wawili? Walibadilishwa majina. Rudolf akawa Helmut, Ilse akawa Eike. Mimi habari hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Kuna mtu anayeweza kumchukia mwenzake wa kazi kiasi cha kumfuta hata kwa mtoto wake mwenyewe!

Alikuwa na mdogo wake, Albert Bormann, naye akifanya kazi kwa Hitler kama msaidizi. Waligombana juu ya mke ambaye Albert alimwoa mwaka 1933 kinyume cha matakwa ya kaka yake, na tangu hapo hawakusemezana. Mmoja wa makatibu muhtasi wa Hitler, Traudl Junge, alisimulia kwamba hata wakiwa wamesimama chumba kimoja, mmoja akipewa ujumbe wa kumpa mwenzake, alitoka nje kumtafuta tarishi aje amwambie. Na mmoja akitoa kichekesho mezani, wote wakicheka, ndugu yake alinuna. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakitokea katika makao makuu ya watu waliokuwa wakiunguza dunia.

Aprili 1943 alipewa rasmi cheo cha Katibu wa Kiongozi. Hapo mlango ukawa mali yake. Hans Lammers, mkuu wa ofisi ya Chansela, mwanasheria mwenye cheo kikubwa, alijikuta hawezi tena kumwona Hitler. Mawaziri nao ikawalazimu kupitia kwa Bormann. Hitler mwenyewe aliupenda utaratibu huo, kwani alizoea kuwapa watu wawili watatu kazi moja ili wapigane wao kwa wao, naye abaki juu.

Lakini mtu aliyemngojea kwa hamu zaidi alikuwa Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga, mtu wa majivuno na mavazi ya fahari. Tangu Juni 29, 1941 ilikuwepo amri iliyomfanya Göring mrithi wa Hitler. Aprili 23, 1945, Warusi wakiwa wanaingia Berlin, Göring alikuwa kusini, kwenye milima ya Obersalzberg. Aliletewa habari kwamba Hitler ameamua kubaki na kufa Berlin. Akaitoa ile amri, akamwita Lammers aisome, naye Lammers akasema bado ni halali. Göring aliogopa mtego, akijua Bormann anamvizia. Akaandika simu ya maandishi kwa uangalifu, akiuliza kama sasa ashike uongozi, na kwamba asipojibiwa hadi saa nne usiku atachukulia kuwa Hitler hana tena uhuru wa kutenda.

Simu ile ilipofika handakini, Bormann alikuwepo. Albert Speer, waziri wa silaha, naye alikuwepo siku hiyo, na ameeleza kwamba mwanzoni Hitler aliipokea kwa utulivu. Bormann hakuchoka. Ilipoingia simu ya pili, Göring akimwita Waziri wa Mambo ya Nje, Ribbentrop, aende kwake, Bormann aliikimbiza kwa Hitler kama ushahidi wa uhaini. Hitler akalipuka. Göring akavuliwa vyeo vyote, Bormann akapeleka amri kwa SS wamkamate, na redio ikatangaza kwamba ameachia madaraka kwa ugonjwa wa moyo. Aprili 25 ndege za Waingereza zililipua nyumba ya Göring huku yeye akiwa chini ya ulinzi katika mahandaki. Haikutosha. Bormann aliagiza kwamba Berlin ikianguka, wasaliti wa Aprili 23 wauawe. Walioipokea amri hiyo hawakuitekeleza.

Hebu fikirini. Mji unaanguka, mizinga inasikika juu ya vichwa vyao, nchi imekwisha, na mtu anatumia saa zake za mwisho kumalizana na mwenzake wa kazini!

Rahisi sasa kucheka, au hata kumhurumia Göring. Mimi sitafanya hivyo, maana ugomvi wao haukuwa juu ya mauaji. Ni Bormann aliyesaini waraka wa Oktoba 9, 1942 kwamba kuwaondoa Wayahudi hakutafanywa tena kwa kuwahamisha, bali kwa nguvu bila huruma katika kambi za mashariki. Ni Göring aliyesaini, Julai 31, 1941, agizo la kuandaliwa kwa kile walichokiita suluhisho la mwisho la suala la Wayahudi. Katika hilo hawakuwa na fitina hata kidogo. Mafaili yalipita mlangoni bila kucheleweshwa. Na vita vilipokwisha, waliofikishwa mahakamani Nuremberg walimtwika Bormann mizigo yao mingi, kwa kuwa hakuwepo kujibu. Göring alihukumiwa kifo, akajiua kwa sumu Oktoba 15, 1946.

Bormann naye alihukumiwa kifo bila kuwepo. Kwa miaka mingi watu walidai kumwona Amerika Kusini, kumbe alikufa Berlin usiku wa kuamkia Mei 2, 1945, akijaribu kutoroka. Mafundi wa ujenzi walifukua mifupa yake mwaka 1972, na vipimo vya vinasaba vya mwaka 1998 vikathibitisha. Mdogo wake Albert alijificha shambani kwa jina la uongo hadi mwaka 1949, akatumikia miezi sita ya kazi ngumu, akaishi hadi mwaka 1989. Alikataa kuandika kumbukumbu zake, na alikataa kumzungumzia kaka yake.