Kinanda Kimoja Katika Dhoruba

Aliyeambiwa kwamba Stormblåst ni albamu ya metali nyeusi hujiandaa kwa kishindo, kisha anakutana na piano. Inapigwa polepole, peke yake, kama nyumba baada ya kuondoa matanga: wageni wameaga, mikeka imekunjwa, na aliyefiwa amebaki na kimya chake. Magitaa huja baadaye. Dimmu Borgir wa Norwei waliitoa albamu hii mwaka 1996, na katika metali nyeusi yenye vionjo vya simfoni sijasikia huzuni iliyo safi kuliko hii.

Jina la muziki wa metali nyeusi lilitokana na albamu ya Venom, kundi la Newcastle, Uingereza, ya mwaka 1982. Bathory wa Uswidi wakaupa ukali na giza zaidi, kisha vijana wa Norwei wakaufanya wao. Haifai kuusifu uzuri wake huku tukiruka majivu na damu vilivyoandamana nao. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, lililojengwa karne ya 12, liliteketezwa kwa moto. Agosti 1993 Euronymous, mpiga gitaa wa kundi la Mayhem, aliuawa kwa kisu jijini Oslo, na muuaji alikuwa mwanamuziki mwenzake. Kiangazi hichohicho kundi la Emperor lilikuwa Bergen likirekodi albamu ya In the Nightside Eclipse ndani ya Grieghallen, ukumbi wenye jina la mtunzi Edvard Grieg. Katika albamu hiyo kinanda kilipewa kazi ya okestra nzima, na njia ikafunguka.

Dimmu Borgir, walioanza mwaka 1993, waliifuata njia hiyo kwa hatua za taratibu. Jina lao wamelitoa Aisilandi, kwenye miamba ya lava inayoitwa ngome za giza. Katika Stormblåst nyuzi za gitaa zinachapwa haraka bila kupumzika, hadi sauti haikatiki tena bali inatanda kama ukungu. Ngoma nazo mara nyingi zinakimbia. Lakini koadi chini yake hubadilika polepole sana, na juu yake kinanda cha Stian Aarstad kinashika melodia ambayo hata mtoto angeweza kuivumisha. Hapo ndipo majonzi yanapozaliwa: mwili unakwenda mbio, moyo haujaondoka pale ulipoachwa. Shagrath anaimba kwa sauti ya kukwaruza, na maneno yote ni ya Kinorwei. Mimi siijui lugha hiyo, ila hakuna wimbo humo ulionihitaji kutafuta mkalimani.

Kuna doa, na ni kubwa. Wimbo wa piano Sorgens kammer, yaani chumba cha huzuni, ulibainika kuwa muziki wa Tim Wright uliotungwa kwa ajili ya Agony, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1992. Piano ile ya mwanzo nayo inafanana mno na Sacred Hour ya kundi la Kiingereza Magnum. Ni haki ya watunzi hao kutajwa kila albamu hii inaposifiwa, kwa kuwa sehemu ya machozi yetu ni mali yao.

Baadaye fedha na umaarufu vilikuja. Dimmu Borgir walirekodi na wanamuziki wa okestra ya Gothenburg, kisha ya Prague, na mwaka 2011 walipanda jukwaani Oslo wakiwa na okestra ya redio ya taifa pamoja na kwaya. Ni fahari kuutazama ukumbi ule. Hata hivyo tarumbeta zote zile zinatangaza, haziombolezi. Mwaka 2005 waliirekodi Stormblåst upya, ngoma zikipigwa na Hellhammer wa Mayhem. Kila chombo kinasikika wazi na Sorgens kammer ya awali imeondolewa. Nimeisikiliza kwa heshima. Usiku mvua inapogonga mabati, bado mkono wangu unakwenda kwenye ile ya 1996, yenye kinanda chembamba kilichozama nusu ndani ya magitaa.