Meza na Mesa: Safari ya Nomino Moja Hadi Machakos

Mfanano wa sauti ni ushahidi unaopotosha kwa urahisi. Mjuzi wa Kihispania akifika Machakos na kuwasikia Wakamba wakiiita meza *mesa*, huenda akadhani kwamba nomino hiyo ya Kihispania imehamia Ukambani ikiwa nzima. Dhana hiyo haina msingi wa kihistoria.

Kihispania na Kireno vilirithi nomino hiyo kutoka Kilatini *mensa*, na vyote viwili huiandika *mesa*. Tofauti imo katika matamshi: Kireno huighunisha *s* iliyo baina ya irabu ikawa *z*, Kihispania cha leo hakifanyi hivyo. Kwa kuwa Kiswahili hutofautisha *s* na *z*, umbo *meza* laelekeza kwa Wareno. Historia nayo yaafiki. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Ujenzi wa Ngome ya Yesu, Mombasa, ulianza 1593, na Waomani wakaitwaa 1698. *Leso*, *bendera*, *kopo* na *foronya* ni masalio ya enzi hiyo hiyo. Kitenzi *meza*, kwa upande mwingine, ni cha shina la Kibantu na hakina uhusiano na nomino hii.

Kikamba hakina *z* isiyotanguliwa na *n*, kama ilivyo katika jina Nzaui. Hivyo basi *meza* ilipopanda bara ilirekebishwa ikawa *mesa*. Njia za kupandia hazikukosekana: misafara ya Wakamba iliyofika Mombasa katika karne ya 19, ofisi za utawala wa Kiingereza zilizokuwa Machakos kabla ya kuhamishiwa Nairobi mwaka 1899, na misheni. Kiti kilikuwa na jina lake la wenyeji, *kivila*. Meza ilikuja na jina lake. Umbo la Kihispania lilipatikana upya kwa sadfa tu.

Maana zathibitisha jambo hilo. Kihispania huita *mesa* pia kilima chenye kilele bapa. Uwanda wa Yatta, ulioundwa na volkano, ungestahili jina hilo. Lakini uwanda huo haukupewa jina la meza, si kwa Kikamba wala kwa Kiswahili. Kiswahili kilipanua nomino hii kwa mielekeo mingine: *Meza ya Bwana* kanisani, hati *kuwasilishwa mezani* Bungeni, na *meza ya duara* ya mashauriano.

Funzo hili lahusu uhakiki pia. Anayedai kwamba kazi fulani ya fasihi imeathiriwa na nyingine kwa sababu zinafanana, hajathibitisha chochote mpaka aonyeshe njia iliyopitiwa. Maumbo mawili yaweza kulingana herufi kwa herufi, na bado kila moja likawa limefika kwa njia yake.