Habari za Kuponya kwa Kazi, Tangu Lutindi Hata Nyumbani Kwetu

Mwaka wa Jubilei, kama tusomavyo katika kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 25, ulikuwa mwaka wa kufunguliwa. Aliyejiuza kwa sababu ya umaskini alirudi kwa jamaa zake, na aliyepoteza shamba la baba zake alilirudia. Kwa hiyo imetupendeza, katika kijitabu hiki cha Jubilei, kuandika habari za watu ambao kwao kufunguliwa ni kurudishiwa kazi mikononi mwao: wagonjwa wa akili, waliopigwa na kiharusi, wenye kifafa, wenye ukoma, na watoto waliozaliwa na viungo dhaifu. Wamo katika kila usharika, na kwetu Ulemo wamo. Wengine hatuwaoni kanisani, maana wamewekwa ndani.

Tena twataka kulijibu swali ambalo wazee na waalimu huulizana: Je, kumpa mgonjwa kazi ni kumhurumia, au ni kumtesa? Wako wasemao, "Mwacheni akae, tumlishe tu." Na wako wasemao, "Naye ale jasho lake kama sisi." Tukizitazama habari za mambo yaliyopita, tutaona kwamba wote wawili wameikosa njia.

Katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe, pana mahali paitwapo Lutindi. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 Wakristo wa Ujerumani walijenga hapo makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Biashara ile wazee wetu waliijua, kwa kuwa misafara ya pembe na ya watumwa ilipita Unyanyembe na Ugogo, jirani na nchi ya Wanyiramba. Mtumwa alifanya kazi mchana kutwa, wala matunda ya kazi yake hayakuwa yake, wala hakuulizwa kama aweza au hawezi. Watoto wa Lutindi walitolewa katika kazi ya namna hiyo. Baadaye makao yale yakapewa utumishi mwingine: mwaka 1904 Lutindi ikawa nyumba ya wagonjwa wa akili, mojawapo ya zile za kwanza katika Afrika Mashariki. Nayo ingaliko, katika Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa letu la Kilutheri.

Watumishi wa Lutindi walitoka Bethel, karibu na mji wa Bielefeld. Bethel ilianzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa, na tangu mwaka 1872 mpaka kufa kwake mwaka 1910 iliongozwa na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Siku zile wenye kifafa walifichwa na kuogopwa, wala hapakuwa na dawa nyingi za kuwafaa. Mchungaji huyu aliona ya kuwa mtu akikaa bure, akili yake huzidi kupungua na moyo wake huingia giza. Kwa hiyo akatafuta kwamba kila mmoja awe na kazi apendayo, kwa kadiri ya nguvu zake: huyu shambani, huyu kwenye useremala, huyu jikoni, huyu penye kushona. Desturi hiyo ikaletwa Lutindi, na huko wagonjwa wamelima bustani, wamechuma chai, na kujifunza kazi za ufundi, huku wakipata dawa na sala.

Lakini shauri lenyewe ni la zamani kuliko Bethel. Mwaka 1793 Daktari Philippe Pinel aliwekwa katika hospitali ya Bicêtre, mjini Paris, ambako wagonjwa wa akili walifungwa minyororo. Msimamizi wao alikuwa Jean-Baptiste Pussin, mtengeneza ngozi, ambaye zamani alikuwa mgonjwa katika hospitali ile ile. Huyu, asiyesomea udaktari, ndiye aliyeondoa minyororo hapo mwaka 1797, na Pinel akaandika na kufundisha ya kuwa upole na kazi yenye utaratibu ni dawa. Katika Uingereza, William Tuke, mfanya biashara ya chai katika mji wa York, aliona huzuni mwanamke mmoja wa dhehebu lake la Marafiki alipokufa katika nyumba ya wagonjwa mwaka 1790, nao ndugu zake katika imani walikuwa wamekatazwa kumtazama. Mwaka 1796 akafungua nyumba nyingine, ambamo wagonjwa walitunza bustani, walishona, na kuketi mezani kama watu wa nyumba moja.

Kazi hii ilipata jina lake na utaratibu wake katika Marekani. George Barton, mchoraji wa ramani za majengo, aliugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Akajizoeza kwa useremala na bustani mpaka akapata nafuu, na mwaka 1914 akafungua nyumba ya faraja katika Clifton Springs ili kuwafundisha wengine. Mwezi Machi mwaka 1917 akakutana huko na wenzake wachache, wakaanzisha chama cha kuieneza tiba hii. Mmoja wao, Bibi Eleanor Clarke Slagle, alifundisha ya kuwa mgonjwa wa akili huanza kupona siku yake inapopata mpango: kuamka, kunawa, kula, kufanya kazi, kucheza, kulala. Vita kuu ya kwanza ilikuwa ikiendelea, na askari wengi waliokatwa viungo walihitaji kujifunza upya kutumia mikono. Hivyo tiba hii ikaenea, hata mwaka 1952 ukawako umoja wake wa dunia nzima. Katika Kenya mafunzo yalianza Nairobi mwaka 1968, na kwetu Tanzania wapo waliofundishwa kazi hii Moshi, katika hospitali ya KCMC. Hospitalini huitwa tiba kwa vitendo.

Sasa yatupasa kusema na upande mwingine, maana jambo jema laweza kuharibiwa. Katika nyumba nyingi za wagonjwa wa akili za Ulaya na Marekani, wagonjwa walilimishwa, walifulishwa nguo na kupikishwa miaka mingi bila ujira, na aliyefanya kazi vizuri hakuruhusiwa kwenda kwao, kwa kuwa nyumba ilimhitaji. Hata mwaka 1973 mahakama moja ya Marekani ikaamua kwamba wagonjwa kama hao walindwe na sheria ya mshahara. Na Ujerumani, kati ya mwaka 1939 na 1941, serikali ya Hitler ilipeleka karatasi za maswali hospitalini, na moja la maswali lilikuwa kama mgonjwa aweza kufanya kazi yenye faida. Wagonjwa zaidi ya 70,000 waliuawa katika mpango ule. Basi tujihadhari na neno hili, "Hana faida." Mtu ana thamani kabla hajashika jembe, na thamani hiyo hubaki jembe limpitapo mikononi.

Wengine huutaja waraka wa Paulo kwa Wathesalonike, ule uonyao ya kwamba asiyefanya kazi asile. Na wausome vizuri: Paulo anawaonya wasiotaka kufanya kazi, si wasioweza.

Basi, tofauti ya kazi iponyayo na kazi ya utumwa ni nini? Tazama kwanza inapoanzia. Bwana shamba huanza na kazi, kisha hutafuta mikono. Mwenye kutoa tiba huanza na mtu. Humwuliza: Zamani ulifanya nini? Wapenda nini? Ni lipi ulitamanilo kuliweza tena? Kisha huivunja kazi hiyo vipande vidogo. Tuchukue mfano wa mama aliyepigwa na kiharusi, mkono wake wa kulia umelegea. Kupika ugali ni kazi moja machoni petu, lakini kwake ni kazi kumi: kusimama, kunyosha mkono, kushika sufuria, kuteka unga, kukoroga, na kadhalika. Huanzishwa kwa ile nyepesi. Huketi kitini, huwekewa karanga mbele yake, naye hubambua chache kwa mkono ule dhaifu, huku mkono mzima ukiusaidia. Kesho huongeza. Haba na haba hujaza kibaba. Kama kijiko champonyoka, mpini huzungushiwa kitambaa uwe mnene. Chombo humfuata mtu.

Faida zake ni nyingi. Vidole vilivyokakamaa hupata kunyoka, na macho na mkono hujifunza kwenda pamoja tena. Aliyechanganyikiwa hupata siku yenye asubuhi na jioni. Mwenye ukoma, ambaye mkono wake hausikii moto wala makali, hufundishwa kuutazama mkono anapofanya kazi, na kufunga kitambaa penye mpini. Daktari Paul Brand alifanya hivyo katika Vellore, bara Hindi, baada ya vita ya pili: aliwapasua mikono iliyopinda, kisha akawafundisha useremala, maana mkono ulionyoshwa bila kufundishwa ulinzi ungeumia tena. Na faida iliyo kubwa kuliko zote ni heshima. Aliyekuwa akilishwa hata jana, leo amewabambulia watoto karanga.

Nchi yetu nayo ina mafundisho yake. Dodoma, jirani yetu, iko hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927. Na baada ya Uhuru vilijengwa vijiji vya wagonjwa wa akili waliopata nafuu, walime na kufuga, jamaa zao wakiwa karibu nao. Katika Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza shauri kama hilo huko Aro mwaka 1954, akiwakalisha wagonjwa katika nyumba za wanakijiji. Nalo si geni kwa Waafrika. Kazi za kwetu zina nafasi ya kila mtu: yuko apuraye mtama, yuko apepetaye, yuko achambuaye mbegu, yuko afukuzaye ndege shambani, yuko asukaye mkeka kivulini. Mwenye nguvu kidogo hapati shida ya kuonewa nafasi, ikiwa sisi twataka kumpa.

Kwa hiyo twawashauri ndugu wa sharika na waalimu mambo haya. Kwanza, asifungwe kamba mtu yeyote wala kufichwa. Apelekwe hospitali, maana kazi haiondoi haja ya dawa. Mwenye kifafa aendelee na vidonge vyake kila siku, wala asipewe kazi ya peke yake penye moto, kisima, au juu ya mti. Pili, aulizwe apendalo, wala asipewe tu kazi zilizokataliwa na wengine. Tatu, kazi iwe na kipimo, na akichoka apumzike bila kukemewa. Nne, akivuna, au mkeka wake ukiuzwa, fedha ni yake. Na jamaa wasimzuie kuondoka au kuoa kwa sababu wamezoea kumtumia. Tano, waalimu wasimrudishe nyumbani mtoto mwenye mkono mzito, bali wamtafutie namna ya kushika kalamu. Na sita, yule asiyeweza hata kubambua karanga moja, aketishwe palipo na watu, aitwe kwa jina lake, akumbukwe mezani pa Bwana.

Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza kabla dhambi haijaingia. Kwa hiyo kazi ni zawadi ya kwanza kuliko kuwa adhabu. Na Bwana Yesu, alipomponya mtu mwenye mkono uliopooza katika sinagogi, alimwita asimame katikati, mbele ya watu wote. Nasi katika mwaka huu wa Jubilei tuwatoe waliowekwa ndani, tuwaketishe katikati, kisha tuwaulize watakayo mikono yao ifanye.